Ramani Iliyokaa Ofisini

Kazi ya kuchora niliipata kwa sababu ya choo. Niliwahi kumchora meneja wetu kwenye ukuta wa choo, tumbo limeshaingia mlangoni, mwenyewe bado yuko nje. Badala ya kunifukuza akasema, "Kumbe una mkono. Basi chora kitu cha maana."

Kitu cha maana kilikuwa ramani ya kutokea moto ukiwaka. Bwana wa zimamoto alikuja kwenye kiwanda chetu cha pamba, pale Mwanza, akatuachia masharti: ramani ioneshe milango yote, alama nyekundu ioneshe pale uliposimama, na itundikwe karibu na kila mlango, usawa wa macho. Nikachora ya kwanza kwa rangi nne. Hata meli niliiweka ziwani, na hakuna aliyeniagiza.

Ikapendeza mno, ndiyo balaa lilipoanzia. Wageni wa Chama walikuwa wanakuja, basi meneja akaitia kioo, akaitundika ofisini kwake. "Hii haiwezi kukaa kwenye vumbi la pamba, ndugu." Wageni wakapiga makofi. Mimi nikavimba kichwa, zingine sikuchora.

Wiki hiyohiyo akaanza kazi mama mmoja kutoka Sengerema. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza, "Mwanangu, kengele ikilia huku ndani tunatokea wapi?"

"Wewe mama fuata harufu ya sato. Hupotei."

Wenzangu wakacheka, naye akacheka. Jikoni, walikokaangwa samaki hao, kulikuwa na mlango wa nje kweli, ila mpishi alikuwa anaufunga kwa kufuli kwa sababu ya wadokozi. Nilijua vizuri. Mdokozi mkubwa nilikuwa mimi.

Pamba ikashika moto mchana, siku ya sato. Sisi tukatokea mlango mkubwa. Mama hakuonekana. Nikakimbia na wenzangu kuzunguka nyuma, tukavunja mlango wa jikoni kwa nyundo, tukamkuta kaanguka palepale, moshi umemjaa. Alipona, lakini kifua hakikurudi kuwa kile cha zamani.

Aliporudi kazini nilikuwa nimeshatundika ramani kila mlango. Za penseli tu na ile alama nyekundu, meli hamna. Akasimama mbele ya moja, anakohoa.

"Sisi tuko wapi hapa?"

Nikamwonesha alama nyekundu, kisha mlango mkubwa. Akageuka akautazama wenyewe, uko wazi, jua linaingia.

"Kumbe ni hapo tu."

"Ni hapo tu, mama."