Sekela, wanawake wa Kiwalani hawakukuaga

Jamani, akili yangu imegoma. Tangu juzi naandika, nafuta. Namwitaje Sekela marehemu? Sekela yupi?

Kwa msiomjua: Sekela alikuwa karani mwenzangu kiwandani Chang'ombe, meza zetu zimepakana. Wikiendi tulikuwa tunajitolea pamoja kwenye nyumba ya wanawake wasio na pa kulala, kule Kiwalani. Presha ilimpanda akiwa kazini, tukafika naye hospitali ameshakata roho. Mtu asubuhi kanisema nimechelewa shifti, mchana hayupo.

Yeye ndiye aliyenipeleka Kiwalani. "Zuhura, njoo unisaidie kumenya viazi, mara moja tu." Mara moja ya Sekela! Nilitoka jioni, na wiki iliyofuata nikarudi mwenyewe.

Msimpambe, hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo huyo! Kuna mwanaume alikuja kumdai mkewe, wakati ni yeye mwenyewe aliyemfukuza. Sekela akasimama mlangoni na mwiko: "Kaka, hapa si stoo, kwamba unaacha mzigo halafu unakuja kuuchukua ukijisikia." Jamaa akaondoka mdogo mdogo.

Mama akiletwa pale mara ya kwanza, hagusi kazi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sekela alikuwa hataki kuisikia hiyo. "Hawa wameshikishwa jembe maisha yao yote. Waacheni wapakuliwe." Na anapakua mwenyewe, anapiga goti kama anamwandalia mama mkwe.

Msamaria mmoja alituletea vitenge vya bluu vya kufanana, Sekela akahakikisha kila mtu kashonewa gauni. Bi Mwantumu, mkubwa wao, aliyetolewa nyumbani na watoto wa mumewe baada ya mzee kufariki, alikuwaga anajitazama anacheka: "Sasa na sie tuna ukoo."

Taarifa ya kifo ilipowafikia waliniuliza kitu kimoja tu. Tutamuaga? Nikawaambia mtamuaga. Mwili ulikuwa unasafirishwa Tukuyu kwa mazishi, na huko hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kufika. Kwa hiyo ilikuwa ni Kinondoni, nyumbani kwa kaka yake Sekela, au basi tena.

Siku ya kuaga mie nimekaa ndani na ndugu. Naangalia mlangoni, siwaoni. Napiga simu ya Bi Mwantumu, inaita tu. Kwaya inaimba, watu wanapita mbele ya jeneza mmoja mmoja, mie najiuliza hawa wamekwama wapi. Jeneza likafungwa. Gari likaondoka.

Nikaenda uani kunawa uso, nikawakuta. Wote, na magauni yao ya bluu, wamesimamia masufuria ya wali.

Wifi yake Sekela aliwaona getini wamevaa sare, akadhani ndio wapishi waliokodiwa. Akawaambia, "Nyie wa chakula, pitieni nyuma." Wakapita. Kilio walikisikia, lakini msibani kila mgeni akiingia kilio kinaanza upya. Wangejuaje?

Bi Mwantumu alikuwa anakata vitunguu. Akaniuliza, "Mwanangu, wanamleta saa ngapi?"

Nilikaa chini pale pale nikalia, na yeye akaelewa. Akaweka kisu pembeni, akafunika vitunguu vyake.

Wifi alipoambiwa alikuja mbio. Si mtu mbaya, nisimsingizie. "Mama zangu, mbona hamkusema?"

Bi Mwantumu akamjibu taratibu, "Tungesema sisi ni nani wake?"

Watu wakapakuliwa, wakala, wakasifia wali. Nilitamani nipige sufuria teke.

Na nyie mnaonitumia "itakuwa sawa, Zuu", nawashukuru, lakini haitakuwa sawa. Asubuhi hii wawili wameondoka Kiwalani, hawakuaga wala hawakusema wanakwenda wapi. Wengine wamekaa tu. Mitingi ya watu wa kujitolea imeahirishwa kwa sababu aliyekuwa anatuita ni yeye. Wanaume wataanza kuja tena pale mlangoni, na mie si Sekela. Mie mtu akinikazia macho natetemeka. Kila nikifikiria nani atashika nafasi yake, simwoni.

Na msiniambie Mungu ana makusudi yake. Najua. Leo sitaki kuyasikia.

Sekela, muda huu wanakushusha kaburini, huko kwenu kwenye baridi. Mie niko ofisini nimeangalia meza yako. Bosi kasema wiki ijayo atakaa mtu mwingine, na ana haki, kazi haisimami. Ila roho inaniuma, shoga yangu, inaniuma mno.

Bi Mwantumu ana kitochi tu, haya mambo ya mtandao hayajui. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Akasema, "Mwambie wageni wake walikula wakashiba. Hakuaibika."

Ndiyo kwaheri yake hiyo, ipokee.

Lala, Sekela. Lala salama mwaya, sie huku usingizi hatuna.