Maneno Mabaya Yote Yana Dh

Wifi yangu ni mwalimu Vwawa, na tangu aanze kuitwa mwalimu hajui tena kuwa mgeni. Anaingia nyumbani kwa mtu kama mkaguzi. Siku ile alifunua daftari la binti yangu wa darasa la tatu akasoma kwa sauti: zambi, feza, azabu, zarau. Akacheka peke yake.

“Huyu anaandika anavyosikia kwa mama yake,” akamwambia mume wangu, na mimi nipo hapo hapo namenya viazi. “Jumamosi nakuja kumpa imla. Akikosa, namchukua akasome kwangu.”

Mume wangu akasema, “Sawa, dada.” Hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa atakunywa soda gani. Mtoto wangu!

Kwetu Mbozi tunasema zambi. Wanamwanga, ukweni kwangu, wanasema zambi. Wifi mwenyewe kakulia kwenye nyumba ya zambi, isipokuwa siku hizi akitamka dh anautoa ulimi nje mpaka unamwonea huruma. Hapa tunapoishi, Tunduma nzima, ukiondoa redio, inasema feza, na malori yanavuka mpaka vile vile.

Nilianza kumfundisha mtoto nilivyofundishwa mimi: andika neno mpaka mkono ufe ganzi. Mkono ukafa ganzi, neno halikuingia. Mtoto akalia, nikamfokea, tukawa wajinga wawili mezani. Nilikuwa nakanda unga wa maandazi, hasira zimenijaa, ndipo nikaanza kuyasikia yale maneno yanapita kichwani: dharau, dhambi, dhuluma, dhiki, dhihaka, adhabu, udhia. Nikaacha unga. Karibu yote yanauma!

Nikamwita. “Neno likiuma, weka d na h. Ziangalie. D ni mtu ana kitambi. H ni kiti alichokalia bila kukaribishwa.”

Akacheka, machozi hayajakauka.

Kisha kila neno nikalipa mtu. Dhuluma ni dalali aliyetuuzia kiwanja chenye mwenyewe. Dhihaka ni wale vijana wa maegesho ya malori wanaoniigiza Kibemba changu ninapowauzia Wazambia maandazi. Udhia ni jirani na spika yake. Na dharau ni shangazi anavyotoa kitambaa na kufuta kiti chetu kabla hajakaa. Sikumzulia. Anafuta.

“Na ladha, mama? Ladha si nzuri?”

“Ladha ni mboga ya jirani. Inanukia huku, haifiki.”

“Na zawadi?”

“Ulishaona zawadi inauma? Hiyo weka z.”

Wiki nzima tulikwenda hivyo, kwenye foleni ya maji, njiani kwenda shule. Yeye anataja mtu, mimi nataja neno. Sijawahi kufurahia watu wabaya kiasi kile.

Jumamosi wifi akaja. Akatoa kitambaa, akafuta kiti, akaketi. Mtoto akaniangalia, nikaangalia pembeni. Imla ikaanza. Kila neno mtoto alifumba macho kwanza, midomo ikicheza, halafu akaandika. Wifi alisahihisha taratibu, kalamu nyekundu imeinuliwa inatafuta pa kuchoma. Hakupata.

“Nani kakwambia dharau ina dh?”

“Si ni wewe, shangazi.”

“Mimi? Lini?”

“Ukifuta kiti.”

Mume wangu chai ilimpalia. Wifi aligeuka taratibu kuniangalia, mimi na siyo mtoto.

“Umesikia, mdogo wangu? Mkeo anamfundisha mtoto kunitukana. Anaondoka na mimi leo.”

“Kakosa neno gani, wifi?” nikamuuliza.

“Siyo suala la maneno.”

“Mara ya mwisho ulikuja na suala la maneno.”

“Una fomu foo yako ya kufeli, halafu unajibizana na mwalimu!”

“Na mwanafunzi wangu kapata yote. Wako wangapi wanapata yote?”

Nikamwangalia mume wangu. Huyo ndiye niliyekuwa namsubiri aseme kitu. Akasema, “Mama, aende tu hata muhula mmoja. Tusigombane.”

“Mfungashie nguo,” wifi akadakia.

Nikaenda. Nilitoa kila kitu sandukuni: sare, sweta, gauni la kanisani, soksi, vyote safi na vimepigwa pasi. Nikavitumbukiza kwenye beseni la maji na sabuni, na viatu juu yake. Mtoto alibaki na kigauni alichovaa, kimechanika mgongo mzima, na ninamjua wifi yangu: hawezi kushuka stendi ya Vwawa na mtoto wa namna ile.

Nikarudi. “Nguo zake ziko kwenye maji.”

“Zote?”

“Zote. Na viatu.”

“Nitasubiri zikauke.”

“Subiri. Mvua ya mwezi huu unaijua.”

Alinyanyuka akaweka kitambaa kwenye mkoba. Hakuaga. Mtoto alimwamkia shikamoo ya kumsindikiza, kwa adabu zote, akaambiwa “haya” bila kuangaliwa, akarudi kukaa karibu yangu.

“Umeniaibisha kwa dada yangu,” mume wangu akasema.

“Ulikuwa unamgawa mtoto wangu kama kifaranga. Maji ya kusuuzia yako kwenye ndoo.”

Alikaa. Nikakaa na mimi. Sikunyanyuka hata alipoanza kukunja mikono ya shati akielekea kwenye beseni. Alianza na sweta. Hata kukamua hajui.