Folda Niliyoiita Mama

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, inajikongoja, basi mwalimu mwenzangu wa fizikia hapa Kibiti, mtu wa bara mwenye maneno mengi, akaniwekea mfumo wa Linux. "Dada, achana na kubofyabofya," akaniambia. "Andika amri." Nikajifunza: ls kuorodhesha mafaili, cd kuingia kwenye folda, mv kuhamisha faili. Kilichonikera ni ule ukimya. Unaandika, unabonyeza, hujibiwi kitu. Nilipolalamika alicheka. "Ikinyamaza, ujue imekubali." Nikamwambia ala, kumbe kama mwari anayeposwa!

Nami nilikuwa na langu moyoni. Mama yangu alikuwa amefariki kule Mohoro miezi mitatu nyuma, na sauti yake ilibaki katika rekodi tatu tu za simu yake, niliyobaki nayo mimi. Katika ya kwanza anasimulia alivyonivusha mafuriko mgongoni. Ya pili anaimba kwa Kindengereko wimbo wa kutwangia mpunga. Ya tatu ilijirekodi tu, simu ikiwa mkononi mwake. Nilizipeleka kwenye kompyuta kwa majina moja, mbili na tatu, nikazifuta kwenye simu maana ilishajaa, nikasema leo nazitunza vizuri ndani ya folda moja iitwayo mama.

Nikaandika mv moja mama. Kimya. mv mbili mama. Kimya. mv tatu mama. Kimya. Ee bibi wee, nikajisifu, umekuwa fundi!

Folda yenyewe sikuwa nimeitengeneza. Kompyuta ikadhani mama ni jina jipya la faili. Ya pili ikaikalia ya kwanza na kuifuta, ya tatu ikaifuta ya pili. Mwalimu alihangaika nayo siku nzima, maneno yote yamemwishia. "Pole, dada." Pole! Nilimfokea bure, maskini, nikalia mbele ya wanafunzi.

Nilimfuata mama mdogo kule Mbwara anikumbushe ule wimbo. Alianza vizuri, akakwama mstari wa pili, akarudia mwanzo, akakwama palepale.

Iliyosalia ni ile ya tatu. Mama anafukuza kuku kwenye mpunga alioanika: "Shii! Tokeni hapo, mashetani nyie!" Kisha anamuuliza jirani kama gari la kutoka Kibiti limeshapita, maana, "Mwanangu kasema leo anakuja."

Siku ile sikwenda. Nilikuwa nasahihisha mitihani.