Ndimu na Chumvi kwa Kopeki za Hemed

Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025. Baridi kali, nyuzi ishirini chini ya sifuri, upepo mkavu.

Hemed Shekue, mzaliwa wa Tanga, fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha mji wa Savage, Marekani, aliamka na furaha ya mtu mwenye safari. Dada yake Mwanaidi, aliyemlea, alikuwa hoi kitandani kule Tanga tangu Oktoba. Nauli ya kwenda kumwona ilibaki dola mia sita tu kutimia, nazo Hemed aliziona ndani ya kopo la chai.

Kopo hilo alitoka nalo Moscow mwaka 1991 alipomaliza masomo, limejaa chenji ya mkate na ya basi. Mkewe, Wema, hakuchoka kumtania: "Baba Yusra, nchi yenyewe imeshakufa, hela zake zitakupeleka wapi?"

Wiki iliyopita ndipo Hemed alipojua. Sarafu za Kisovieti za kopeki tano za mwaka 1990 karibu zote hazina herufi chini ya nembo; chache mno zina M, na wakusanyaji huzilipia vizuri. Alilichambua kopo zima kwa tochi, akapata tatu. Akampelekea picha Lenny, mnunuzi wa sarafu za kale wa mji wa Anoka. Jibu likaja upesi: mia mbili kila moja, mradi ziwe vile vile zilivyo pichani.

Sasa, kwa kina Hemed, chombo cha shaba hakiwekwi mbele ya mgeni kikiwa cheusi. Kila Idi mama yao alisugua masinia kwa ndimu na majivu. Majivu hakuna hapa. Hemed akatumia chumvi. Alisugua mpaka zikameta, akazifunga kwenye leso nyeupe, akaendesha gari hadi Anoka.

Lenny aliifungua leso, akaweka lenzi jichoni, akazigeuza moja moja.

"Umezifanya nini?"

"Nimezisafisha," Hemed alisema, akitabasamu.

"Aa, mzee wangu! Tazama." Alimpa lenzi. Uso wa sarafu ulijaa mikwaruzo myembamba, na rangi ya manjano imegeuka waridi. "Ule weusi ndio niliokuwa naununua. Ni weusi wa miaka thelathini, haurudi."

"Herufi si ipo?"

"Ipo. Nitakupa ishirini kwa zote."

Hemed alizifunga tena.

Nyumbani Wema alikuwa na maneno tayari mdomoni. Alipomwona uso, akayameza, akamwekea chai.

Asubuhi yake, saa mbili, Hemed alipiga simu Tanga.

"Kazini wameninyima ruhusa, Dada. Labda mwezi wa sita."

"Haya, mdogo wangu," Mwanaidi alisema, sauti ikikatika kwa kikohozi. "Kazi usiichezee. Ukinikuta, utanikuta."

Alipokata simu, Hemed alikwenda jikoni. Maganda ya ndimu yalikuwa bado kwenye sinki. Akayaokota moja moja, akayatupa.