Chafya za Paka wa Kikula

Jua halijapanda vizuri juu ya soko la Kikula, mjini Likasi, na tayari Fidélie amepiga magoti kwenye turubai, amemshika paka mwekundu ngozi ya shingo. Sindano inaingia, inatoka, na mnyama bado anatafuta wa kumkwaruza.

"Weye, hasira ya bure," anamwambia akicheka. "Miye nilishamaliza."

Nyuma yake watu wamepanga foleni, paka zao wamefungwa kwenye vitenge. Fidélie, msaidizi wa daktari wa mifugo, anaitazama foleni hiyo kwa shukrani. Mwaka jana nusura aifukuze yote.

Mwaka ule mafua ya paka yaliingia sokoni. Paka walipiga chafya, macho yakatoa usaha, wakaacha kula, wengi wakafa. Hapa paka si pambo, ni mlinzi wa ghala la unga. Walipopungua, panya wakajitangazia uhuru, na akina mama wakawa wanaokota magunia yaliyotobolewa.

Ndipo chanjo ilipofika kutoka Lubumbashi ndani ya sanduku la barafu. Barafu ikiyeyuka, dawa imeharibika, na hakuna aliyejua nyingine ingekuja lini. Paka waliobaki wakaletwa ndani ya magunia, kwani Kikula wanaamini paka asiyeiona njia hatoroki. Kila gunia lilipofunguliwa, paka alitoka akipiga chafya.

Paka mgonjwa hachanjwi. Fidélie akawarudisha mmoja baada ya mwingine.

"Nilifikiri nilichelewa, bote balishagonjwa," anakumbuka. "Roho iliniuma sana."

Muuza unga mmoja, Émérence, alikataa kuondoka. Alimpakata paka wake, akampangusa pua kwa kitambaa chenye maji. Baada ya muda chafya zikakoma.

"Mama Fidélie, haina magonjwa," alisema kwa upole, akimwonyesha unga kwenye kitambaa. "Tulibaleta mu magunia ya bunga. Hata weye, bakikutia mule, utapiga chafya."

Fidélie akamkagua paka: macho makavu, pua safi, tumbo linadai chakula. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha hofu ikamwingia, maana barafu ilikuwa imebaki vipande na watu walishatawanyika.

Émérence alijifunga kitenge kiunoni, akapita kibanda kwa kibanda akiwaita. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile ilikuwa nayo. Paka walipanguswa, wakatulia, wakakaguliwa, na barafu ilipoisha dawa ilikuwa imeisha pia.

Leo maghala ya Kikula yana paka wenye watoto. "Bila yaya Émérence, ningetupa dawa na ba paka bangekufa," Fidélie anasema, akimpa heshima ya dada mkubwa, na machozi yanamlenga. "Namushukuru Mungu juu yake."

Foleni inapoisha, anataka kupeleka chanjo iliyobaki Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe, ambako mafua yameanza kusikika. Kinachomtia wasiwasi ni kwamba hajulikani kule; nani atamkabidhi paka wake mgeni mwenye sindano?

Émérence anamsikia akisema hayo, kutoka kibandani kwake. Ni siku ya soko, wateja wanasubiri, lakini anafunika unga wake na kumwomba jirani amwangalizie kibanda.

"Shangazi yangu anaishi kule," anasema, akinyanyua upande mmoja wa sanduku la barafu. "Twende."