Mifugo ya Serikali

Dereva wa basi la shule aliendesha kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa wa kuwasuta wanyama. Tangu watoke Mwanza na kuingia Serengeti, Kija, aliyekaa nyuma yake kando ya Mwalimu Dorotea, daftari la biolojia mkononi, hakusikia jingine. Nyumbu wamekonda, mchungaji wao analala. Pundamilia wazuri wa bure, hawajawahi kubeba hata ndoo ya maji. Kila dereva akimaliza, aliupiga usukani kofi: "Mifugo ya serikali hii!"

Kwenye kona ya mlima wa Ngorongoro, tembo akasimama katikati ya barabara, akatanua masikio, akaanza kuwajia. Kushoto mwamba, kulia bonde. Darasa zima likapiga yowe.

"Nyamazeni, ndama wangu!" Sasa mikono yote miwili ilikuwa usukanini. Alirudi kinyumenyume taratibu, kona moja, ya pili, mpaka penye upana. "Pita, baba. Shikamoo. Pita tu."

Tembo akapita, mkia ukipangusa vioo.

"Umeona alivyoniogopa?" dereva akamuuliza Kija. "Limwili lote lile, halitoi hata maziwa ya chai!" Alikuwa bado anacheka wakati Mwalimu Dorotea akimbandua vidole kwenye usukani, kimoja kimoja.