Dawa ya Nywele Zote

Kuna saluni moja pale Kimbo, karibu na steji, ninakoenda kuoshwa nywele zangu hizi chache zilizobaki. Msichana wa pale, anayeniita cucu, yaani nyanya, ana mikono mizuri na mdomo usiotulia. Juzi alinionyesha chupa ndefu akaniambia, "Cucu, hii kondishena ni ya nywele zote. Zikuwe ngumu, zikuwe laini, zikuwe za mzungu, haichagui." Nilicheka mpaka akafunga mfereji, akidhani ameniunguza. Nikamwambia aendelee tu. Ningemwelezaje, na foleni yote ile nyuma yangu, kwamba maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa mtoto, na kwamba nusura yamwaibishe shangazi yangu siku ya harusi yake?

Shangazi huyo alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Aliishi nasi Ruiru, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, pamoja na mama yake, yaani cucu yangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, wakati hata safari ya Thika ilihitaji ruhusa. Lakini watu walioana. Vijana wa leo hilo hawaliamini, wanadhani miaka ile yote tulikaa tukitetemeka. Tulitetemeka, ndiyo, ila pia tulipika, tukasengenyana na tukachezeana harusi.

Cucu alinyoa kichwa chote, kama wanawake wa rika lake, akakipaka mafuta ya mbarika aliyoyatengeneza mwenyewe. Alikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha, kisha akaengua mafuta yalipoelea. Asubuhi akitoka nje kuota jua, kichwa chake kiling'aa. Mafuta yale yalikuwa mazito na yalinuka moshi, na nasema waziwazi kwamba hakuna manukato niliyowahi kununua ninayoyatamani kama harufu ile. Sisi wajukuu alitupaka sote, tutake tusitake.

Shangazi yeye alifuga nywele, na hazikuwa za mapambo. Kanisa letu la Thika lilikuwa na shela moja tu, iliyotunzwa na akina mama wa kanisa na kuazimwa kila bibi harusi. Ndani yake kulishonwa kitana kidogo cha kushika nywele, kwa hiyo kichwa kilichonyolewa hakikufaa. Na shela ile haikuvaliwa na kila mtu. Msichana aliyejulikana kuwa alikwisha lala na mwanamume alisimama mbele ya mchungaji na kitambaa cha kawaida kichwani, na kanisa zima likaelewa. Shangazi alikuwa amejitunza, na alitaka Thika nzima ijue. Alizilea nywele zile miezi mingi, na mimi nikawa nampima kwa vidole kila Jumapili.

"Nywele za nini?" cucu alimuuliza kila zilipoongezeka kidogo. "Unawajengea chawa nyumba?"

"Maitu, ni za siku moja tu," shangazi alimjibu mama yake. "Nikishaolewa utaninyoa wewe mwenyewe."

Cucu aliguna. Hakuwa amebatizwa na hakuwahi kukanyaga kanisani, lakini kwa harusi ile alikuwa amekubali kuingia na kukaa benchi la mbele. Shangazi alikuwa amembembeleza karibu msimu mzima wa kahawa.

Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja kumjaribisha shela. Kitana kiliuma nywele zile kavu, ngumu, kikang'ang'ania kama mbigili kwenye shuka. Shangazi aliinama, akaruka, akacheza, na shela ikakaa pale pale. Tulipiga vigelegele. Mambo yangeishia hapo, harusi ingekuwa ya kawaida na mimi ningekuwa nimeisahau.

Kumbe madam amesikia. Shangazi alikuwa akipiga pasi nyumbani kwa mwenye shamba, na madam ndiye mkewe, mzungu asiyekuwa mtu mbaya. Nywele zake zilikuwa nyembamba, za rangi ya ndevu za mahindi, upepo ukivuma kidogo tu zinasimama zote, na alikuwa na kopo la krimu nyeupe ya kuzilaza. Ijumaa alimpa shangazi kopo jipya liwe zawadi ya harusi.

"Hii dawa mzuri sana," alimwambia kwa Kiswahili chake. "Mzuri kwa nywele yote. Wewe paka, halafu tia maji."

Shangazi alikuja nalo mbio, akatunusisha sote. Lilinuka maua. Cucu naye alikuwa ametoka kuengua mafuta mapya ya mbarika, kibuyu kizima, kwa ajili ya kesho. Alikileta akakiweka mbele ya binti yake. Shangazi akakisukuma kando.

"Maitu, si kesho. Nitanuka moshi mbele ya watu wote."

Cucu akakiziba kibuyu. "Moshi huo ndio umekulea," akasema. "Basi huko kanisani kwenu mtanikuta nje ya mlango." Akachukua kibuyu chake akaenda zake. Shangazi alibaki ameshika kopo, na nilijua kutokana na jinsi alivyolifungua na kulifunga kwamba alikuwa anajuta, lakini kiburi kilikuwa cha ukoo.

Asubuhi ya harusi akaoshwa nywele kwa sabuni ya mche, kisha tukaikabili ile krimu. Madam alisema atie maji. Leo, baada ya miaka ya saluni, najua alimaanisha suuza. Sisi tulielewa kuwa krimu ichanganywe na maji, na kwa kweli ni nani angefikiria vingine? Mtu anapaka mafuta halafu anayamwaga? Shangazi alikoroga kopo zima kwenye bakuli mpaka likawa kama uji, tukammiminia lote.

Nywele zikawa laini ajabu. Ziling'aa, zikalala, vidole vikapita ndani yake bila kukwama. Nilizigusa nikaona wivu. Akina mama wa kanisa wakachomeka kitana, kikateleza. Wakachomeka tena, kikateleza. Wakaongeza pini, nazo zikachomoka zenyewe, moja baada ya nyingine, zikianguka sakafuni. Kuosha upya hakukuwa na nafasi, lori la shamba lilikuwa nje na dereva anapiga honi. Walizidisha pini mpaka kichwa kikawa kizito, wakamwambia asigeuke, asiiname, ikiwezekana asipumue.

Shela ilivumilia vumbi lote la barabara mpaka ndani ya kanisa. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika pindo la gauni. Mchungaji aliposema tuombe, shangazi akainamisha kichwa kwa mazoea, na shela ikashuka taratibu mpaka mikononi mwangu. Mama mmoja alikuja akairudisha. Amina ya kwanza ikaiteremsha tena.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Nilimsikia mwanamke mmoja, nyuma yangu kabisa, akimwambia mwenzake, "Haiya! Hata shela imemkataa." Mwenzake akacheka puani. Niliwachukia wote wawili na ningali nawachukia, ingawa nadhani wamekwisha kufa. Shangazi alisikia pia. Shingo yake iligeuka ngumu kama mti, na bwana harusi akatazama viatu vyake. Mchungaji alifunga kitabu nusu, akaikunja midomo, akangoja. Nilidhani atamwambia aivue. Angefanya hivyo, shangazi angeondoka Thika na jina ambalo hakulistahili, na lingemfuata maisha yake yote.

Cucu alikuwa dirishani, nje, kama alivyoapa. Kila mtu alikuwa amekiona kichwa chake kikipita pale huku na huku. Sasa hakikuwapo.

Aliingia kwa mlango mkubwa, katikati, miguu mitupu, na shuka yake begani na hereni zake masikioni, hakumtazama yeyote. Alinifikia akaichukua shela mikononi mwangu, akaikung'uta, akamfunika binti yake. Kisha akaweka viganja vyake viwili juu ya kichwa kile kinachoteleza, akabana.

"Mama," mchungaji alisema polepole, "unaweza kuketi."

"Nikiketi itaanguka," cucu akasema. "Huyu msichana ni wangu, namjua. Endelea."

Nyuma yetu hakuna aliyecheka tena. Mchungaji akafungua kitabu akaendelea, na cucu akasimama vile vile wakati wa wimbo, wakati wa viapo, wakati wa pete, mikono juu, bila kuishusha hata kidogo. Shangazi alianza kulia, mabega yakimtikisika, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote nilimsikia cucu akiinama sikioni mwake.

"Usitikise kichwa, mtoto wangu," alimwambia. "Nimekushika."